Nilimjibu Wakili kwa Beti Tano

Mlioanza nami mnajua nilivyofukuzwa kwenye duka la kuchapa kadi, kwa kosa la kumwongezea bwana harusi ubeti ambao hakuuomba. Mnajua pia kwamba baada ya hapo mjomba alinifungia mlango, rafiki akaacha kupokea simu zangu, na aliyebaki kunipokea alikuwa mmoja tu: Dada.

Kama hamkuanza nami, hayo yanatosha. Njooni moja kwa moja kwenye mapazia.

Dada anashona mapazia. Duka lake ni chumba kimoja kirefu, cherehani mbili mbele, meza ya kukatia katikati, na nyuma majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani kama watu wanaosubiri daktari. Mimi alinipa kazi ya kwenda kutundika mapazia kwa wateja, na kile alichokiita "hayo mambo yenu ya mtandao."

Nikamtengenezea tovuti. Jina la duka, namba ya simu, aina za vitambaa. Kilichokosekana ni picha. Nilijaribu kupiga mapazia yetu kwa simu yangu, yakatoka kama mashuka yaliyoanikwa siku ya mvua.

Basi nikazunguka mtandaoni, nikaona sebule. Sebule, ndugu zangu! Kuta nyeupe, madirisha mawili marefu, pazia rangi ya maziwa limeshuka mpaka sakafuni, marinda yamenyooka kama askari wa gwaride. Nikaipunguza pembeni, nikaiweka juu kabisa ya tovuti.

Dada alipoiona akavua miwani.

"Sebule ya nani hii?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Lakini aliuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu, sauti ya mtu aliye karibu kusifu.

"Ya Mama Ghorofa," nikasema. "Niliipiga siku ile nilipokwenda kutundika."

Mama Ghorofa ni mteja wetu anayekaa ghorofa ya tatu, na hakuna mtu aliyewahi kuongea naye akaondoka bila kulijua hilo. Dada hakuwahi kufika kwake, maana siku ya kutundika mgongo ulikuwa umemlaza. Akaisogeza simu karibu na pua.

"Marinda yangu hayo. Ningeyajua hata umeme ukikatika. Tazama pindo lilivyotulia! Mdogo wangu, kumbe una jicho?"

Tangu nifukuzwe sehemu zote nilizofukuzwa, hakuna aliyewahi kuniambia nina kitu. Uongo ukapata kiti, ukakaa.

Barua ilikuja asubuhi, kwa barua pepe ya duka, Dada akiwa anapima kitambaa na mteja.

Wakili fulani, kwa niaba ya mpiga picha fulani. Picha iliyo kwenye tovuti yenu ni mali ya mteja wangu. Hamkuomba kibali. Iondoeni, kisha mlipe kwa muda wote mlioitumia. Msipojibu kabla ya mwisho wa mwezi, tutakwenda mahakamani bila kuwapa taarifa nyingine. Chini yake kulikuwa na kiasi cha pesa. Sitakitaja. Itoshe kusema kwamba Dada alikuwa akijinyima apate cherehani ya tatu, na kiasi kile kingeimeza cherehani hiyo pamoja na meza yake.

"Nani huyo?" Dada akauliza bila kugeuka.

"Matangazo tu."

Miguu ikakataa kutulia. Nikatoka nje, nikarudi ndani. Nikafagia mahali palipofagiliwa. Nikapanga vipete vya mapazia kwa ukubwa, nikavimwaga, nikavipanga tena.

"Wewe una nini leo?" Dada akaniuliza. "Umekaliwa na siafu?"

Nikamuaga kwamba nakwenda kununua uzi. Nikamkimbilia Karani.

Karani ni rafiki yangu anayechapa nyaraka za mawakili, katika kichumba kinachotazamana na mahakama. Ameshachapa kesi nyingi hata anajihesabu nusu wakili. Akasoma barua, akainua kichwa.

"Picha umeichukua kweli?"

"Ilikuwa imekaa tu pale mtandaoni."

"Baiskeli nayo hukaa tu pale nje. Nisikilize. Kwanza, hakikisha barua ni ya kweli, matapeli ni wengi. Mtafute huyo wakili kwenye orodha ya mawakili, piga namba utakayoikuta huko, si hii iliyo kwenye barua."

"Sawa."

"Pili, toa picha. Leo."

"Nikiitoa si nimekubali kosa?"

"Kuitoa si kukubali. Ni kuacha kuongeza deni. Tatu, waandikie kwa adabu. Mistari minne. Waombe wakuonyeshe kwamba picha ni ya huyo mteja wao na kwamba wana idhini ya kudai. Usikiri kitu. Usitukane mtu. Wakishaonyesha, mnakaa mnapatana, kiasi hicho huwa kinashuka. Nne, mwambie dada yako."

"Hilo la nne litoe."

"Hilo la nne ndilo la kwanza."

Nikamshukuru, nikaondoka. Ushauri wake ulikuwa mzuri. Hata namba ya wakili niliitafuta, nikapiga, nikapokelewa na mtu aliyenitajia ofisi ileile. Barua ilikuwa ya kweli. Mpaka hapo nilikuwa kijana mwenye akili timamu.

Kisha nikaisoma tena.

Kulikuwa na sentensi moja mle: "Tunaamini hamkufahamu uzito wa mlichokifanya." Hamkufahamu! Yaani mimi, niliyejifundisha vina peke yangu bila mwalimu, nikihesabu mizani kwa vidole mezani mpaka vidole vikapata akili, mtu ananiandikia kwamba sikufahamu?

Kwetu sisi watu wa mashairi, mtu akikurushia maneno unamjibu. Usipojibu umelala chali, na watu wanakuruka. Na ukimjibu, humjibu kwa mistari minne yenye adabu.

Niliandika nimesimama kwenye meza ya kukatia, kwa penseli, Dada akidhani napiga hesabu ya mita. Beti tano zilinijia kama zilikuwa foleni. Wa kwanza huu hapa:

Barua nimeiona, nimesoma kwa kicheko,
Vitisho vimepangana, mithili ya mafuriko,
Sijui kunong'onana, sikimbii kwa vituko,
Picha mimi nimetwaa, wewe unataka nini?

Kituo kile, huo mstari wa mwisho, nilikipenda mno. Nikakiweka mwisho wa kila ubeti, maana ndiyo kazi ya kituo, kurudi. Nikachapa kwenye simu, nikatuma.

Mchana wote nilitembea kifua mbele. Nilimbebea Dada jora zima bila kuambiwa.

Jibu halikuchelewa.

"Tumepokea barua yako yenye beti tano. Tumezingatia kwamba katika mstari wa mwisho wa kila ubeti umekiri kuichukua picha ya mteja wetu. Tumezingatia pia kwamba picha bado iko kwenye tovuti. Tunaiweka barua yako kwenye jalada kama ushahidi."

Karani aliposoma alifunga mlango wa kichumba chake ili acheke bila kusikiwa na mtu. Alicheka mpaka akashika mashine ya kuchapa.

"Watu hubanwa na bado hukana," akasema akipangusa macho. "Wewe hukubanwa, umekiri mara tano! Tena kwa vina!"

"Ile ni sanaa."

"Ule ni ushahidi, tena umepangwa vizuri. Sijawahi kuchapa kukiri kunakoimbika."

"Unacheka nini? Niambie nifanye nini!"

"Nilikwambia. Ukaenda kutunga." Akaacha kucheka. "Ndugu yangu, wakienda mahakamani hawatakuandika wewe. Wewe hujulikani. Wataandika duka."

Hilo ndilo lililonifanya nirudi mbio. Duka ni Dada. Dada akiniweka nje, sina tena mlango wa kugonga katika mji huu.

Nikaitoa picha kwenye tovuti. Nikapumua. Sikumaliza kupumua.

"Nani kaondoa sebule yangu?" Dada akapaza sauti kutoka kwenye cherehani. Alikuwa ameshika simu. "Mteja kanipigia, anasema alitaka kumwonyesha mumewe, haioni. Irudishe!"

"Dada, nilikuwa nafikiri tuweke nyingine."

"Nyingine ipi? Yale mashuka yako? Watu wanakuja kwa sebule ile! Irudishe sasa hivi nikiona."

Nikairudisha, akiona.

Siku iliyofuata wakili akapiga simu ya duka. Dada alikuwa na pini mdomoni na mikono yote miwili kwenye kitambaa, akanionyesha kwa kidevu nibonyeze spika. Nilitaka kubonyeza kitufe cha kukata. Alikuwa ananitazama.

"Naongea na mwenye duka?" Sauti ya mwanamke, tulivu.

"Mm," Dada akaitikia kwa pini.

"Ni kuhusu ile picha ya sebule, mama. Tumeshawaandikia."

Dada akatema pini kwenye kiganja. "Picha ya pazia langu?"

"Picha ya mteja wangu."

"Huyo mteja wako ndiye aliyelishona?"

"Hapana, mama. Yeye ndiye aliyeipiga."

"Aliyeipiga ni mdogo wangu. Yuko hapa, kasimama kama nguzo ya simu."

"Mdogo wako," wakili akasema polepole. "Na ana mazoea ya kuandika mashairi?"

Niliangusha boksi zima la vipete. Vikatawanyika sakafuni kwa kelele, vikabingirika mpaka mlangoni. Dada hakusikia swali, alikuwa ananifokea mimi. Aliporudi kwenye simu alikuwa amepandwa na hasira.

"Sikiliza, mwanasheria. Sijaiba kwa mtu tangu nizaliwe. Nakuja ofisini kwako. Nakuja na kitambaa chenyewe, nakuja na mwenye sebule, tuone nani anamdai nani!"

Akakata.

"Dada," nikasema, nikiwa nimepiga magoti kuokota vipete, "kwa nini tusiachane nao? Tutoe picha, yaishe."

"Yaishe? Jasho langu? Wewe mwenye mdomo kuliko redio, leo ndiyo umepoa?"

Nikabaki na tumaini moja, nalo lilikuwa Mama Ghorofa. Angekuja, angetazama picha, angesema hapana, si kwangu. Ningesutwa mle mle dukani, kati yetu watatu, nisutwe na yaishe kabla Dada hajakwenda kuaibika kwa watu.

Akaja, na pochi yake kwapani. Dada akampa simu.

Nikashika ukingo wa meza.

Mama Ghorofa aliitazama picha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akatabasamu kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa redioni.

"Sebule yangu!"

"Mama," nikasema, "tazama vizuri. Kwako dirisha si ni moja?"

"Picha hupanua, mwanangu."

"Na hilo kochi?"

"Nililiuza."

"Na kuta nyeupe? Za kwako si za kijani?"

"Kijana," Mama Ghorofa akanigeukia, "nani anakaa ghorofa ya tatu, mimi au wewe?" Kisha kwa Dada: "Nilishawaambia wenzangu wote kwamba sebule yangu iko mtandaoni. Huyo anayesema si yangu nataka aniambie usoni."

Hivyo ndivyo nilivyopata wanawake wawili wazima, wenye heshima zao, walio tayari kuapa kwa ajili ya uongo wangu. Nikaamua nitamwambia Dada njiani. Njiani Mama Ghorofa hakunyamaza hata kidogo. Nikaamua nitamwambia kwenye ngazi. Kwenye ngazi Dada alitangulia, akipanda kama mtu anayekwenda kuchukua chake.

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Ofisi yake ilikuwa nyembamba, majalada yamepangwa mpaka dirishani, feni inazunguka bila kupeperusha chochote. Alitukaribisha vizuri, akaagiza viti. Wema wake ulinitia hofu kuliko barua yake.

Dada hakungoja. Akafungua mfuko, akatandaza mezani kipande cha pazia rangi ya maziwa.

"Kitambaa ndicho hicho. Marinda ndiyo hayo. Na mwenye sebule ndiye huyu."

"Ghorofa ya tatu," Mama Ghorofa akaongeza, akikaa.

Wakili akakigusa kitambaa kwa heshima. "Kazi nzuri, mama. Kweli kazi nzuri." Akavuta jalada, akatoa picha kubwa, akaiweka juu ya pazia. "Hii ndiyo picha yenyewe, kama ilivyopigwa. Ile ya tovuti yenu imepunguzwa."

Tukainama wote.

Ilikuwa sebule ileile. Lakini upande niliouondoa kulikuwa na mlango mkubwa wa kioo, na nje ya mlango, palepale, kulikuwa na bwawa la kuogelea. Pembeni ya bwawa amelala mbwa mweupe, mkubwa kama ndama.

Feni ikazunguka.

"Mama," wakili akamwuliza Mama Ghorofa kwa upole, "bwawa liko ghorofa ya tatu?"

"Lilikuwepo," Mama Ghorofa akasema. "Walilifukia."

"Na mbwa?"

"Wa jirani."

Dada hakucheka. Alikuwa hatazami picha tena. Alikuwa ananitazama mimi, kwa macho ya mtu anayepima kitambaa na kukuta kimepungua.

"Zilichanganyika," nikasema haraka. "Dada, picha zilikuwa nyingi kwenye simu. Nadhani nilichanganya."

Kisha akamgeukia wakili. "Zilichanganyika," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kijana ana mambo mengi. Tunaitoa leo, na tunaomba radhi."

"Hutokea," wakili akasema. "Na mteja wangu si mtu wa kukomoa. Mtu akikosea, akatoa, akaomba radhi, mara nyingi huniambia tulimalize kwa barua. Shida yangu ni hii hapa."

Akatoa karatasi. Niliitambua kabla hajaigeuza. Akavaa miwani, akasoma kama anasoma risiti:

"Mtandao ni bahari, kila mtu huogea,
Haina lango la siri, wala wa kukukemea,
Nilipita kwa fahari, langu nikajichotea,
Picha mimi nimetwaa, wewe unataka nini?"

Akashusha miwani. "Huo ni wa pili. Ziko tano. Mteja wangu alikuwa tayari kusamehe, mpaka aliposomewa hizi. Sasa anataka mahakama. Zimetoka kwenye barua pepe ya duka lako, mama. Nani aliziandika?"

Dada anajua ninachoandika. Ndiye anayeniita Malenga nikichelewa kuamka. Ndiye aliyekuta mistari yangu nyuma ya karatasi za vipimo, akalalamika lakini hakuzitupa.

Chini ya meza kisigino chake kilikuja juu ya kidole changu cha mguu, kikakaa hapo, kikakandamiza.

"Neno la siri la barua pepe liko ukutani, juu ya cherehani," akamwambia wakili. "Tumelibandika tusilisahau. Wateja wanaingia, mafundi wanaingia. Mtu yeyote angeweza kufanya utundu."

Wakili akamtazama yeye, kisha mimi. Nadhani alijua. Lakini nadhani pia alikuwa amechoka na kesi ndogo, na lile pazia lilikuwa limempendeza.

"Kama ni utundu wa mtu wa nje," akasema, "basi si kauli ya duka. Naweza kumweleza mteja wangu hivyo. Mtoe picha, mniandikie barua ya kuomba radhi, na sidhani kama ataendelea."

Tulikuwa tumetoka. Kilichobaki ni kusema asante na kushuka ngazi.

"Lakini huyo mtundu," wakili akaendelea, akiitazama karatasi tena, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, "ni mkorofi, ila ana kipaji. Hiki kituo si cha mtu anayejaribujaribu."

Nikanyoosha mgongo. Kisigino kikakandamiza zaidi.

"Hilo shairi?" Mama Ghorofa akanyoosha shingo. Alikuwa amenyamaza tangu bwawa lifukiwe, na ukimya haukumkaa vizuri. "Hilo nalijua! La shemeji yangu hilo. Anauza betri za magari. Alilisoma kwenye harusi ya mwanangu, watu wakalia."

Shairi la kumtukana wakili. Limesomwa harusini. Watu wakalia.

"Kumbe?" wakili akasema, akavuta kalamu. "Huyo shemeji anaitwa nani? Mtu mwenye kipaji hiki ningependa kumfahamu."

"Ah, huyo ana mengi kuliko hilo," Mama Ghorofa akasema, akijiweka sawa kwenye kiti. "Mengine hayajatoka hata."

Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilitazama feni. Nilihesabu majalada dirishani. Nilijiambia ni beti tano tu, nitatunga nyingine, mwache muuza betri achukue, Dada atabaki na cherehani yake na mimi nitabaki na Dada. Wakili akaweka ncha ya kalamu pembeni ya ubeti wangu wa kwanza, mahali ambapo jina la mtunzi hukaa.

"Langu!"

Nilikuwa nimesimama. Sijui nilisimama lini.

"Shairi hilo ni langu! Shemeji yako hajui hata kuhesabu betri zake! Nimeliandika mimi, nimesimama kwenye meza ya kukatia, na hakuna hata neno moja humo nililolichukua kwa mtu!"

Mama Ghorofa akashika pochi. Dada akafumba macho.

Wakili hakushtuka. Akaweka kalamu chini taratibu.

"Hakuna hata neno moja ulilolichukua kwa mtu," akarudia.

"Hakuna!"

"Na mwingine akilichukua, inakuuma."

Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kujibu, nikatafuta mstari, sikuuona.

"Na picha?" akauliza.

"Nilitwaa," nikasema. Safari hii bila kina.

Nikakaa. Kisigino cha Dada hakikuwa tena juu ya kidole changu. Alikuwa amerudisha mguu wake chini ya kiti chake.

Wakili akageuza karatasi safi.

"Mama, sasa nina swali moja tu, na jibu lako nitaliandika na utalitia sahihi. Huyu kijana ni mfanyakazi wa duka lako? Kama ni mfanyakazi, alichokifanya kimefanywa na duka, na madai yanabaki kwako. Kama si mfanyakazi, ni mtu tu aliyeingia akachezea tovuti yako. Hapo duka linatoka, nami nitamfuata yeye peke yake."

"Ni ndugu yake wa damu!" Mama Ghorofa akaingilia.

"Sijauliza damu."

Nilitaka kusema, niache, Dada, sema hapana. Nilitaka pia kusema, usiniache.

Dada akavuta kile kipande cha pazia kutoka chini ya picha. Akaanza kukikunja. Ncha kwa ncha, akilaza kila kunjo kwa kiganja, kama anavyokunja kazi iliyokataliwa na mteja. Hakuharakisha. Alipomaliza alikiweka mapajani, akaweka mikono yote miwili juu yake.

Hakunitazama.

"Andika," akamwambia wakili, na wakili akashusha kalamu kwenye karatasi.